Kuomba daraja la Mjerumani lilindwe kisheria: tulivyozungushwa Moshi

Tulipoteza miezi minne kwa sababu ya mwaka mmoja: 1863.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka huo. Sisi tuliandika kurasa tatu tukidai daraja letu la mawe tayari linalindwa, maana ni la enzi za Mjerumani. Barua ikarudi, 1863 imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Mjerumani alianza kukaa huku Kilimanjaro miaka ya 1890. Hata Boma la Arusha, ngome ya Mjerumani iliyokamilika 1900, halifikii umri huo.

Kwa hiyo nanyi mkiombea daraja lenu, msiandike "linalindwa". Andikeni "tunaomba litangazwe". Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale anaweza kutangaza, kupitia Gazeti la Serikali, hata jengo la baada ya 1863. Likishatangazwa, kulibomoa au kulibadilisha bila kibali ni kosa.

Vya kuambatanisha na ombi, yaani mkutano wa mtaa, muhtasari, mahudhurio, mhuri wa mwenyekiti, barua ya mtendaji wa kata: haya mnayajua. Ongezeni nakala mbili tu, kwa sababu moja itapotea.

Kabla ya kupiga hatua nyingine, ulizeni daraja ni la nani. Hapa ndipo nauli zetu zilipoishia. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, za mitaa na vijijini ziko TARURA tangu 2017, mto wenyewe uko chini ya bodi ya maji ya bonde (kwetu ni Pangani, na bahati nzuri ofisi zao ziko hapa hapa Moshi), na ndani ya mita 60 kutoka ukingoni sheria ya mazingira nayo ina neno lake. Ofisi moja ilituambia daraja si lao, lao ni lami. Nikauliza, "Sasa lami inapita juu ya nini, kaka?" Akacheka, akanielekeza dirisha la pili, ambako dada naye alinirudisha la kwanza. Dawa yake ni moja: ombeni jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa. Barua ya "halituhusu" ndiyo iliyotufungulia mlango wa ofisi iliyofuata.

Ushahidi wa umri ni kazi. Moshi kila jiwe lililochongwa husemwa ni la Mjerumani, na Waingereza waliochukua mji 1916 utadhani hawakujenga kitu. Maneno ya wazee yaandikeni, na majina na umri wao, lakini msiyategemee peke yake. Tafuteni ramani za zamani ofisi ya ardhi, na kama kuna mtu wenu Dar es Salaam, apite Nyaraka za Taifa. Majalada ya utawala wa Kijerumani yamehifadhiwa kule. Picha pigeni kiangazi, maji yakiwa chini, ili tao lote lionekane hadi msingi. Za kwetu za kwanza zilipigwa mwezi wa nne: mto, matope, na ng'ombe wa jirani.

Kifurushi kikikamilika, kipitisheni kwa mkurugenzi wa halmashauri kwenda Idara ya Mambo ya Kale, wizara ya maliasili na utalii. Sisi hatukupewa fomu yoyote, ni barua. Pale masijala msiondoke bila nakala yenu kugongwa "imepokelewa" na kuandikwa namba ya jalada. Bila namba, kila mkirudi mnaanza na "barua gani hiyo?" Mama wa masijala mpigieni shikamoo kabla ya yote. Ndiye anayejua jalada liko meza ya nani, bosi mwenyewe hajui.

Ombi letu bado liko njiani. Mnaposubiri, wazuieni wenye nia njema. Mawe yaliyojengewa chokaa hupumua kupitia chokaa. Ukiziba nyufa kwa saruji, unyevu unanasa ndani na jiwe ndilo linalopasuka. Vijana wetu walijitolea Jumamosi moja na mfuko mmoja wa saruji, wakapiga na picha. Mvua za masika zilipoisha, saruji yao ilikuwa nzima kabisa, na jiwe la pembeni yake limebanduka vipande kama andazi la jana.