Jinsi ya Kusoma Kumbukumbu za Mkulima Wakati wa Ukame na Kujibu Maswali ya Ufahamu

Wanafunzi wengi wakipewa kifungu cha mtu anayesimulia miaka ya ukame, jibu lao huwa lilelile: mvua haikunyesha, watu wakateseka. Jibu hilo halipati alama, na linaniuma zaidi kwa sababu linampita msimulizi bila kumsikia. Katika kumbukumbu za aina hii, habari yenyewe imo katika maamuzi ya watu: waliuza nini kwanza, walikataa kugusa nini, na siku walipokigusa ilikuwaje.

Tutumie kifungu hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi:

"Mvua ilianza vizuri, tukapanda. Mahindi yalipotufika kiunoni, mawingu yakatoweka. Mbelewele zilitoka, ila tulipomenya tulikuta magunzi matupu. Baba aliuza mbuzi, halafu maksai wa plau. Mfuko wa mbegu ulibaki umening'inia juu ya jiko na hakuna aliyeutaja. Jioni moja mama aliuteremsha. Baba alitoka nje, akaupa mlango mgongo mpaka tulipomaliza kula. Wakati ule nilidhani ametukasirikia. Leo, nikiwa na shamba langu, naelewa."

Hatua ya 1: Soma bila kalamu

Soma mara moja mpaka mwisho. Jiulize tu: nani anasimulia, na nini kimepotea? Usipige mstari popote bado.

Hatua ya 2: Tenganisha sauti mbili

Ndani ya "mimi" mmoja wamo watu wawili: mtoto aliyeyaona mambo na mtu mzima anayeyakumbuka. Tafuta viashiria kama "wakati ule", "nilidhani", "leo", "naelewa". Ukiulizwa msimulizi alikielewaje kitendo cha baba yake, jibu lina sehemu mbili: utotoni alikiona kuwa ni hasira, ukubwani, baada ya kuwa mkulima mwenyewe, amekielewa kwa namna nyingine. Ukiandika upande mmoja tu, umejibu nusu.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya shamba

Hapa usiharakishe. Rudi kwenye kifungu: mvua ilinyesha, na mimea ilifika kiunoni. Anayeandika "mvua haikunyesha" amekosea. Tatizo ni wakati ilipokatika. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji kipindi cha kutoa mbelewele na ndevu, kwa sababu uchavushaji huharibika na punje hazishiki, hata kama mmea ungali umesimama wima. Ndiyo maana wataalamu hutofautisha aina tatu za ukame. Upo ukame wa hali ya hewa, yaani mvua kupungua kuliko kawaida. Upo ukame wa kilimo, pale udongo unapokosa unyevu ambao mazao yanauhitaji. Na upo ukame wa vyanzo vya maji, pale mito, visima na mabwawa yanapopungua. Familia ya kifungu chetu imepigwa na huo wa pili. Msimulizi aliyekulia shambani hatakueleza hayo yote. Atasema "magunzi matupu" na kuendelea, akiamini umeelewa.

Hatua ya 4: Orodhesha walivyoviachia, kwa mfuatano

Mbuzi, maksai, mbegu. Mpangilio huu una mantiki. Mbuzi huzaa upesi, hivyo kundi linaweza kurudi. Maksai akienda, msimu ujao mtalima kwa jembe la mkono. Mbegu zikiliwa, hakuna cha kupanda hata mvua ikija. Kila kinachotoka kinakula sehemu ya kesho yao, na hiyo ndiyo dhamira ya kifungu, ingawa hakuna sentensi inayoitamka.

Kumbuka pia soko. Ukame ukizidi, wengi huuza mifugo kwa pamoja, bei yake ikaanguka huku nafaka ikipanda. Mwaka 1981 mchumi Amartya Sen, akichambua njaa ya 1943 huko Bengal, jimbo la India ya wakati huo, alionyesha kwamba watu wanaweza kufa njaa hata pasipo upungufu mkubwa wa chakula, kwa kuwa wamepoteza uwezo wa kukipata. Kwa hiyo ukikuta msimulizi anataja bei, usiipite. Huenda ndiyo kiini cha aya nzima.

Hatua ya 5: Simama penye ukimya

"Hakuna aliyeutaja." Kwa nini? Andika unachodokezewa, kisha ushahidi wake. Linganisha majibu haya kwa swali "Kwa nini baba alitoka nje?"

Jibu dhaifu: Alikuwa na huzuni kwa sababu ya ukame.

Jibu imara: Hakuweza kutazama mbegu zikiliwa, kwani zilikuwa tumaini la mwisho la kupanda tena. Alikuwa ameuza hata maksai huku mfuko ule ukibaki haujaguswa.

La pili linataja kitu kilekile kilichomo kwenye kifungu na kukiunganisha na kilichotangulia.

Hatua ya 6: Ukisoma kitabu kizima, tafuta na chanzo kingine

Chukua mkulima wa nyanda za Marekani anayekumbuka miaka ya 1930. Dhoruba kubwa ya vumbi ya tarehe 14 Aprili 1935 imerekodiwa vizuri, nawe waweza kuilinganisha na anachosimulia. Ukame ulikuwepo kweli, lakini nyasi za asili zilizoshika udongo zilikuwa zimelimwa na kuondolewa katika maeneo makubwa. Angalia kama anailaumu mvua pekee au anaitaja na plau.

Hatua ya 7: Soma swali upya kabla ya kuandika

"Kwa mujibu wa kifungu" inakufunga humo: habari za uchavushaji au za Sen hazina nafasi, zimekusaidia kuelewa tu. "Msimulizi anadokeza nini" inataka wazo na ushahidi wake. "Kwa maoni yako" inakuruhusu kutoka nje ya kifungu, ila anza na tukio lililomo ndani yake, na ulitaje wazi.