Kabla hujakaa masaa nane mbele ya kompyuta, weka skrini sawa kwanza

Macho yakianza kuwasha na kichwa kugonga kila ikifika saa kumi jioni, wengi tunakimbilia ile miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Jamani msitoe hela kwanza. Chama cha madaktari wa macho Marekani, American Academy of Ophthalmology, hakiipendekezi kwa kazi za kompyuta, na mara nyingi shida ni skrini yenyewe jinsi ilivyowekwa.

Anza na mwangaza, na hapa usiwe na haraka. Monita nyingi zinatoka kiwandani zikiwaka sana, sasa we ukiiweka kwenye chumba cha balbu moja ni kama umekaa unakodolea taa macho. Chukua karatasi nyeupe ishike pembeni ya skrini alafu fungua ukurasa mtupu wa Word, skrini ikiwaka kuliko karatasi punguza, ikiwa ya kijivu kama imefubaa ongeza, mpaka vikaribiane. Usiku rudia tena, maana mwangaza uliokufaa saa nane mchana unaumiza saa tatu usiku.

Ila kama ni monita ya zamani, zile za mtumba, usishushe mpaka chini kabisa. Kuna zingine zinapunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa ya ndani haraka haraka, huoni kitu lakini kuna watu inawaumiza kichwa kweli. Washa kamera ya simu uielekeze kwenye skrini, ukiona mistari ya giza inatembea pandisha mwangaza mpaka ipungue, alafu washa taa ya chumba ili skrini isiwake peke yake.

Maandishi nayo. Waya wa VGA, ule wa kichwa cha bluu, ukileta herufi zenye kivuli bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita, au hamia waya wa HDMI kama ina tundu lake. Kwenye Windows ingia Settings, System, Display, chagua rezolusheni (wingi wa nukta zinazochora picha) iliyoandikwa Recommended, na kama herufi ni ndogo usishushe rezolusheni (zitakuwa na ukungu), ongeza ukubwa kwenye Scale, 125% inawatosha wengi. Night light, ile inayogeuza skrini kuwa ya njano, washa jioni kama unaipenda, ila haichukui nafasi ya kupunguza mwangaza.

Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala mgongoni. Skrini ikae mbali kama urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Na feni jamani! Joto la Dar tunalijua wote, lakini feni ikikupiga usoni inakausha macho, na mtu akikodolea skrini anapepesa kidogo kuliko kawaida, kwahiyo igeuze ipige miguuni, na kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

Ukifanya yote hayo na bado herufi zinacheza nenda kapime macho, hasa ukishafika miaka 40. Kabla hujatoka pima kwa futi umbali wa toka jichoni mpaka kwenye skrini umwambie mpimaji, maana miwani ya kusomea kitabu inapimwa kwa umbali mfupi zaidi, ukiivaa kwenye kompyuta utajikuta umeinamia skrini siku nzima.