Kusoma vita vya Afghanistan: anza na barabara

Kabla ya kusoma habari za operesheni yoyote ya vita vya Wasovieti na mujahidina, wapiganaji waasi, nchini Afghanistan (1979–1989), tandaza ramani. Mimi hufuata barabara kwa kidole, kutoka mji wa Gardez hadi mji wa Khost, na hapo ndipo maneno hupata uzito. Kuvizia ni kujificha juu ya bonde kuungoja msafara. Kuzingira ni kuufunga mji usipate chakula wala risasi. Khost ulizingirwa hivyo miaka mingi, mpaka mwishoni mwa 1987 Wasovieti walipoanzisha Operesheni Magistral, yaani Barabara Kuu, ili kuifungua barabara hiyo.

Ukikuta “Kilima 3234”, hiyo namba ni kimo chake kwa mita. Januari 1988 askari 39 wa miamvuli wa Kisovieti walikilinda usiku kucha, 6 waliuawa. Iandike pembeni ya ramani, kisha tazama barabara ilivyo chini yake.