Futi ya fundi cherehani: namna ya kupima kiuno nyumbani kwa mwenye kisukari

Ukifika kliniki ya kisukari unapandishwa kwenye mizani, unapimwa presha, kisha unatobolewa kidole. Futi ya kupimia kiuno mara nyingi inabaki kwenye droo, kwa sababu foleni ni ndefu na mama wa watu kavaa gauni, kanga mbili na sweta la baridi ya Julai hapa Dodoma. Nani ataanza kumvua nguo?

Shida ni kwamba mizani haisemi mafuta yamekaa wapi, na kwa mwenye sukari hilo ndilo jambo kubwa. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana ukali sana. Yanayojaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yanayopeleka asidi za mafuta moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta, insulini, ile homoni inayoshusha sukari, inafanya kazi kwa shida, sukari inapanda, na presha na lehemu (kolesteroli) vinafuata nyuma. Kwa hiyo nawafundisha wagonjwa wangu wajipime wenyewe. Mwongozo huu ni wa watu wazima. Mjamzito na mtu aliyejaa maji tumboni wasiutumie.

Kabla ya kuanza

Nunua futi ya fundi cherehani, ile laini yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Pale soko la Majengo huikosi. Tumia sentimita. Kama unayo ya zamani, ilaze kando ya futi ya chuma ya fundi seremala uone kama namba zinalingana, maana futi za kitambaa huvutika na zikishavutika zinakupunguzia kiuno bila wewe kujua. Pima asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai.

Hatua ya 1: Urefu

Urefu unapimwa mara moja tu, lakini upime vizuri. Vua viatu, simama kwenye sakafu iliyo sawa, visigino na makalio viguse ukuta, macho yatazame mbele. Mtu mwingine aweke daftari gumu juu ya kichwa, liguse ukuta kwa pembe iliyonyooka, apige alama ya penseli. Kilemba kivuliwe, na kama umesuka rasta za kufunga juu, daftari lipite kati ya nywele lifike kwenye fuvu. Mzee ambaye mgongo umepinda, tumia urefu ulioandikwa kwenye kadi yake ya zamani.

Hatua ya 2: Uzito

Mizani ile ile, nguo nyepesi, bila simu, bila funguo. Basi. Ukitaka kujua uwiano wa uzito na urefu, ule unaoandikwa BMI kwenye kadi, gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa Shirika la Afya Duniani, 18.5 hadi 24.9 ni kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Jambo moja la huku kwetu: usishangilie wala kushtuka haraka ukilinganisha uzito wa Februari na ule wa Juni. Februari ghala limepungua na watu wako shambani wanapalilia. Juni uwele na mtama vimeingia ndani. Linganisha Juni na Juni.

Hatua ya 3: Kiuno

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Saizi ya suruali isikudanganye. Mwanaume mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, kwa hiyo anaweza kuvaa suruali ya 34, yaani sentimita 86 hivi, huku tumbo lenyewe lina zaidi ya 100. Na kiuno tunachopima si pale shanga zinapokaa. Ni juu zaidi.

Simama wima, miguu karibu karibu. Weka vidole ubavuni, chini ya kwapa, ushuke mpaka uguse mwisho wa ubavu wa chini kabisa. Weka alama ya kalamu. Sasa bonyeza pembeni kwenye nyonga mpaka uguse ukingo wa juu wa mfupa, pale mama anapomkalisha mtoto akimbeba pembeni. Alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo futi inapopita. Kwa wengine itaangukia kitovuni, kwa wengine juu yake; kwa mtu mnene kitovu hushuka na tumbo, kwa hiyo usikifuate.

Zungusha futi juu ya ngozi, au juu ya fulana nyembamba kama kuna aibu, lakini si juu ya kanga yenye fundo. Mwambie mwenzako azunguke nyuma aone kama futi imelala sawa na sakafu. Mgongoni hupenda kushuka. Iguse ngozi bila kuibana. Kisha maneno ninayowaambia kila siku: "Mama, vuta pumzi kawaida, itoe taratibu, tulia." Namba inasomwa pale pumzi ilipotoka. Wanaume, na hasa kama mke ndiye ameshika futi, hubana tumbo. Baba, achia tumbo, hakuna mashindano.

Pima mara mbili. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, anza upya. Zikikaribiana, chukua wastani.

Hatua ya 4: Kamba

Hii ni kwa bibi au mzee asiyesoma namba, ila mimi naipenda kuliko zote. Chukua kamba isiyovutika, ikate iwe sawa na urefu wa mtu kutoka unyayo hadi utosi. Ikunje mara mbili sawasawa. Izungushe pale pale tulipopima kiuno. Ncha zikikutana bila kubana, vizuri. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hapo hatari ya moyo na ya sukari kugoma kushuka imeongezeka.

NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliweka ushauri huo wa nusu ya urefu mwaka 2022: ukigawanya kiuno kwa urefu, 0.5 hadi 0.59 ni hatari iliyoongezeka, na 0.6 kwenda juu ni hatari kubwa. Mwanaume wa sentimita 172 na kilo 71 ana BMI ya 24, na mizani itampongeza. Kiuno chake kikiwa 98, uwiano ni 0.57. Mtu kama huyu ndiye anayerudishwa nyumbani na kuambiwa uzito wake uko safi.

Kwa wanaopenda namba moja tu, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linahesabu kiuno kimezidi kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke wa Kiafrika. Namba hizo zimeazimwa kwa watu wa Ulaya kwa kukosa za kwetu, ndiyo maana naiamini zaidi kamba, ambayo inafuata urefu wa mwenyewe.

Hatua ya 5: Nyonga, ukitaka

Futi ipite pale makalio yalipojaa zaidi. Gawanya kiuno kwa nyonga, 0.90 au zaidi kwa mwanaume, 0.85 au zaidi kwa mwanamke, si nzuri. Kama umeshafanya kamba, hii unaweza kuiruka.

Hatua ya 6: Daftari

Tarehe, uzito, kiuno. Kiuno mara moja kwa mwezi kinatosha. Mwelekeo ndio unaotazamwa: mtu aliyeanza kutembea jioni na kupunguza ugali akaongeza mlenda anaweza kuona kiuno kimeshuka sentimita tatu huku mizani imegoma pale pale. Huyo anaendelea vizuri. Mwingine kaanza sindano za insulini au glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, na kilo zinapanda. Dawa hizo zinaweza kuongeza uzito, kwa hiyo aliseme kliniki, asiache dozi kimya kimya.

Wembamba nao usikulaze usingizi. Kilo zikiporomoka bila wewe kutaka, na una kiu na unakojoa usiku kucha, sukari iko juu: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na majirani wanaonong'ona kuhusu kukonda kwako waache wanong'one. Na uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, miguu imevimba, pumzi inakata ukilala, hayo si mafuta, ni maji. Moyo au figo viangaliwe haraka.

Siku ya kliniki, mpe daktari daftari mapema, kabla hajaanza kuandika dawa.