Kutengeneza Karatasi Imara kwa Nyuzi za Mimea

Uimara wa karatasi ya mkono hautokani na gundi, ingawa wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kuiongeza. Selulosi, yaani dutu inayojenga kuta za seli za mimea, iliyomo katika nyuzi hushikana yenyewe kwa vifungo vya haidrojeni (mvutano kati ya molekuli zilizo karibu) maji yanapokauka, na kadiri nyuzi zinavyokaribiana ndivyo vifungo hivyo vinavyoongezeka.

Chagua mmea wenye nyuzi ndefu, kama vile mgomba, mkonge au gome la ndani la mforosadi. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, kwa kuwa virefu zaidi husokotana majini. Viloweke usiku kucha, kisha vichemshe kwa saa 2 hadi 4 katika maji yenye sodiamu kaboneti, yaani magadi, gramu 150 hadi 200 kwa kila kilo ya nyuzi kavu. Tumia sufuria ya chuma cha pua, kwani magadi hula alumini, na uvae glavu na miwani. Nyuzi zilizoiva huachana zikivutwa kwa vidole. Zisipoachana, endelea kuchemsha. Zisuuze mpaka utelezi uishe.

Hatua inayostahili subira yako yote ni kuponda. Nyuzi zikipondwa kwa nyundo ya mbao juu ya ubao mgumu, kuta zake hufumuka na kutoa vinyuzi vidogo sana vinavyoongeza mahali pa kushikania, jambo ambalo kukata kwa blenda hakulifanyi vizuri, kwa kuwa visu hufupisha nyuzi na kupunguza uwezo wa karatasi kustahimili kuchanika. Tia rojo kidogo, yaani nyuzi zilizopondwa, ndani ya chupa ya maji uitikise: ikisambaa kama wingu lisilo na mabonge, imekuwa tayari. Usipitilize, maana rojo iliyopondwa mno hutoa karatasi inayonywea na kukatika ikikunjwa.

Changanya rojo na maji mengi, teka kwa fremu yenye wavu, kisha uitikise mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili nyuzi zipishane pande zote. Geuzia karatasi juu ya kitambaa, ikandamize kwa uzito mkubwa, na uikaushe ikiwa imebandikwa kwenye ubao laini ili isijikunje.

Ukitaka bamba nene, panga karatasi kadhaa zikiwa bado mbichi na uzikandamize pamoja, kwa sababu zilizokwisha kukauka hazishikani tena vizuri bila gundi.