Namna ya Kukomesha Dhihaka dhidi ya Wanawake Wembamba katika Vikundi vya Gemu na Vibonzo

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesimamia kikundi cha vijana wanaocheza gemu, kuchora vibonzo au kushona mavazi ya wahusika wanaowapenda, hata kama kikundi chenyewe ni watu kumi tu wanaokutana Jumamosi katika chumba cha kukodi mjini Kisumu. Mwanachama mnene akitukanwa kwa unene wake, mara nyingi hujitokeza mtu wa kukemea, ilhali mwembamba akiitwa sindano au spoki chumba kizima hucheka, naye hutarajiwa kucheka pamoja nao. Mimi niliitwa omena, yaani dagaa, tangu kidato cha pili, na nilicheka kwa miaka mingi kabla ya kujiuliza ni nani aliyenilazimisha.

Anza kwa kuyafahamu maneno yenyewe na mahali yanakotoka, kwa sababu huwezi kukataza jambo ambalo hujalitambua. Katika nyanda za ziwa, kukonda hakujawahi kuwa habari ya umbo peke yake. Waluo walikuwa na chira, hali ya kudhoofika iliyoaminika kumpata aliyevunja mwiko, na UKIMWI ulipoingia katika miaka ya 1980, majirani zetu wa Uganda waliuita “slim”, yaani wembamba. Kisumu, Siaya na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo nchini. Kwa hiyo mtu anaposema mbele ya wenzake, “Dada, mbona umekonda hivyo?”, huenda anadhani amesalimu tu, lakini wasikilizaji wenye umri wa kutosha wamesikia swali jingine chini ya hilo, na aliyeulizwa amelisikia pia.

Juu ya urithi huo, vibonzo na filamu vimeongeza mzigo wao. Wonder Woman, shujaa wa kike wa vibonzo vya Marekani aliyebuniwa mwaka 1941, ni mfano mzuri: mwigizaji Gal Gadot alipotangazwa mwaka 2013 kwamba ndiye atakayemwigiza, mashabiki wengi walilalamika kuwa ni mwembamba mno na kwamba kifua chake ni kidogo. Ajabu ni kwamba wachoraji wa mashujaa wa kike wamependa kwa miongo mingi kiuno cha nyigu na miguu mirefu isiyo na nyama. Wembamba unatakiwa, mradi ukae kiunoni tu na usifike kifuani. Mwanamke wa kawaida hawezi kuugawa mwili wake kwa namna hiyo, na ndiyo maana yule yule anayeambiwa kwamba upepo utambeba asiweze kushika upanga, huambiwa pia kwamba hajui lolote kuhusu gemu na kwamba amekuja kupigwa picha. Ukisikia mwanachama mpya wa kike akihojiwa kama mtahiniwa huku wa kiume akipewa kiti, fahamu kwamba dhihaka imekwisha kuanza ingawa hakuna aliyetaja kilo.

Baada ya hapo andikeni kanuni, na iwe fupi. Sisi tuliandika hivi: “Mwili wa mwanachama si mada ya mazungumzo, kwa sifa wala kwa kejeli, mpaka yeye mwenyewe aanzishe.” Sehemu ya sifa ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa, lakini naitetea. Anayemwambia mwembamba, “Wewe una bahati, unakula chochote bila kunenepa,” amempima mbele za watu, na papo hapo amemkumbusha mnene aliyeketi kando kwamba naye anapimwa.

Kanuni ikivunjwa, msimamizi aseme mara moja, kwa sentensi moja, na aelekeze maneno kwa aliyetania. “Omera (ndugu), hayo hatuyasemi hapa; zamu ya nani sasa?” inatosha, na mchezo uendelee. Usimgeukie mwanamke kumuuliza kama ameumia, kwa sababu atasema hapana ili asionekane mwenye hasira za karibu, na jibu hilo litakuwa kibali cha utani wa wiki ijayo. Aliyetania akirudia, mwite pembeni. Katika kundi la WhatsApp msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ili usionekane na wote, basi autumie, kisha aeleze sababu kwa mstari mmoja. Jambo moja lisiruhusiwe kabisa: kumtetea mwembamba kwa kumkejeli mnene. Wala msemo wa kwamba mwanamke halisi ana nyama, na mifupa ni ya mbwa, usivumiliwe kwa kisingizio kwamba unawatia moyo wanene.

Mavazi ya maonyesho yanahitaji uangalifu wa pekee. Mhusika apewe anayemtaka na aliye tayari kumshonea, bila kutafuta anayefanana naye. Mwanamke achague mwenyewe atakayempima, na vipimo viandikwe kwenye karatasi badala ya kutangazwa chumbani. Nguo ya mitumba kutoka soko la Kibuye hupunguzwa kiunoni na mabegani na fundi yeyote mzuri, na deraya inaweza kukatwa kutoka sponji ngumu inayotengenezewa ndala, kwa kufuata mwili ulivyo. Usimjazie matambara kifuani au nyongani “ili afanane”, isipokuwa ameomba.

Wachoraji nao wajihoji kuhusu kazi wanayompa mwanamke mwembamba katika hadithi zao. Mara nyingi utamkuta ni mgonjwa, mchawi, au kichekesho kinachopeperushwa na kimbunga. Mchore akivuta nyavu kule Dunga au akiendesha bodaboda kwenye matope ya masika, na kurasa mbili za kwanza zipite bila mhusika yeyote kulitaja umbo lake.

Kuna watakaouliza, na kwa haki, kuhusu afya. Hesabu inayotumika ni kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, na Shirika la Afya Duniani huhesabu matokeo yaliyo chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu. Mwanamke wa mita 1.65 mwenye kilo 48 anapata takriban 17.6, lakini huenda amekuwa hivyo tangu ujana wake na ana nguvu zake kamili. Mabadiliko ndiyo yanayostahili kutazamwa zaidi. Mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, mathalani aliyekuwa na kilo 60 akashuka chini ya 57, anapaswa kumwona daktari, kwa kuwa kifua kikuu, kisukari na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuanza hivyo. Mazungumzo hayo ni ya rafiki wa karibu, faraghani, na yaanze kwa “Unaendeleaje siku hizi?” badala ya kilo. Kumwongezea ugali kwenye sahani bila ruhusa si matibabu. Na ikiwa ana tatizo la ulaji, macho ya watu juu ya sahani yake humzidishia shida.

Kwako wewe unayeitwa spoki: acha kucheka kwa adabu. Kaa kimya, mtazame aliyesema, kisha rudi kwenye mchezo. Kimya hicho humchosha kuliko hotuba. Mwombe mwanachama mmoja akusemee siku ambazo huna nguvu. Ikiwa mtania mkuu ndiye msimamizi mwenyewe, usimalize miezi ukimfundisha. Wanne mkiondoka na mashine moja ya kuchezea, tayari mna kikundi.