Mgonjwa wa baridi yabisi akiumwa mahali pamoja, shuku maambukizi ya mfupa

Mama yangu ana baridi yabisi. Humeza prednisoloni kila asubuhi, na methotreksati mara moja tu kwa wiki, Jumapili usiku. Mimi ndiye ninayemkagua miguu, hadi katikati ya vidole.

Sababu ni hii: dawa hizo hutuliza viungo kwa kushusha kinga ya mwili. Kidonda cha kiatu kinatosha kuwapa njia bakteria wa kwenye ngozi, hasa stafilokoki, wakafika mfupani. Na prednisoloni huficha dalili, homa isipande kabisa. Usisubiri mwili uchemke.

Yabisi ikimpanda, mama huumwa vidole vya mikono yote miwili, na ugumu wa asubuhi hulegea akishaanza shughuli. Mfupa ulioingiwa na vijidudu huuma palepale, hata akipumzika, hata usiku. Kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto kupita vingine, au kidonda kikagoma kupona, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mgongo ukiuma wiki baada ya wiki, naye anakonda na kutokwa jasho usiku, mtajie daktari kifua kikuu. Hakikai mapafuni tu, hushambulia pia uti wa mgongo. Miguu ikifa ganzi au ikiishiwa nguvu, hiyo ni dharura.

Tafadhali, usipitie duka la dawa kununua antibiotiki. Vidonge vichache tu vinaweza kufanya vijidudu visiote maabara, daktari akakosa kujua dawa ipi itaviua. Uliza kama damu itaoteshwa, na kama sampuli ya mfupa inahitajika, kabla ya dozi ya kwanza. Aliyezidiwa, bila shaka, huanzishiwa dawa mara moja. Eksirei ikitoka safi siku za mwanzo, usirudi nyumbani umeridhika: mabadiliko ya mfupa huweza kuchukua wiki mbili kuonekana. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huona mapema zaidi.

Beba dawa zake zote, na sema wazi kwamba zinashusha kinga. Huenda daktari akasimamisha methotreksati kwa muda. Prednisoloni usimwachishe ghafla kwa uamuzi wako. Mwili ulioizoea unaweza kuporomoka presha.

Antibiotiki za mfupa kwa kawaida huchukua wiki sita hivi, na kifua kikuu cha mfupa huchukua miezi mingi. Maumivu hutangulia kuisha. Dozi iendelee mpaka daktari aseme basi.